Magadi ya Mbinguni: Usomaji wa Madini ya Sayari na Suala la Istilahi Zetu

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunataka kueleza namna wanasayansi wa sayari wanavyotambua madini na kemia ya magimba ya angani ambayo hakuna binadamu aliyeyakanyaga. Pili, tunataka kuonyesha kwamba kazi hiyo, ingawa yaonekana kuwa mbali sana na idara ya lugha, inategemea maneno ambayo baadhi yake yamo vinywani mwa wasemaji wa Kiswahili tangu zamani, na kwamba sisi walimu tusipoangalia tutayafukia maneno hayo kwa mikono yetu wenyewe. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa mwanakemia, wala mwandishi hadai kuwa mmoja wao. Tutafuata hoja ya wanasayansi hatua kwa hatua, huku tukichungua kila hatua imesimama juu ya neno gani.

Chanzo cha makala ni kosa langu mwenyewe. Mwaka wa 2025 niliwapa wanafunzi wa darasa la tafsiri habari moja ya kisayansi, iliyohusu chumvi zilizopatikana katika mawe yaliyoletwa duniani kutoka kwenye sayari ndogo iitwayo Bennu. Nilikuwa nimewaandalia orodha ya istilahi za kuwasaidia. Mkabala wa neno trona niliandika vivyo hivyo, "trona", nikaongeza kwamba madini hayo hayana jina la Kiswahili. Chini yake niliweka maelezo mafupi ya kemia. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa Kajiado aliyasoma maelezo hayo, akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, hii si magadi?" Nilimjibu kwamba magadi ni kitu cha jikoni, na kwamba sisi tulikuwa tukizungumzia madini. Darasa likaendelea.

Jioni ile nilifungua vitabu, nikakuta kwamba mwanafunzi alisema kweli nami nilikosea. Nilikuwa nimekwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili, nikajifunza nadharia za uundaji wa istilahi kwa bidii, nikarudi nikiamini, bila ya kujitambua, kwamba neno linalojulikana na mama anayechemsha maharagwe haliwezi kuwa neno la sayansi. Yafuatayo ni jaribio la kuisahihisha imani hiyo.

2. Ushahidi wa Mwanga

Mtaalamu wa miamba wa hapa duniani hulichukua jiwe, hulivunja kwa nyundo, hulidondoshea tindikali, kisha husema ni jiwe gani. Mwanasayansi wa sayari, kwa kawaida, hana jiwe. Alicho nacho ni mwanga wa jua ulioligonga jiwe hilo ukarudi. Kwa hiyo swali lake la kwanza ni hili: mwanga uliorudi umepungukiwa na nini?

Msingi wa swali hili unaweza kuonekana mekoni. Chumvi ikidondokea moto, ulimi wa moto hugeuka manjano kwa kitambo. Mnamo 1859 na 1860, huko Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walithibitisha kwamba kila elementi ikipashwa moto hutoa rangi zake mahususi, na kwamba rangi hizo zikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hupangika kwa mistari isiyofanana na ya elementi nyingine. Manjano ile ya mekoni ni alama ya sodiamu. Tangu wakati huo kemia ya vitu vya mbali ikawa jambo la kuchunguzwa, kwa kuwa alama hiyo husafiri pamoja na mwanga, uwe umetoka jikoni au umetoka kwenye nyota.

Sayari, hata hivyo, haziwaki kama nyota. Nyuso zake huakisi tu mwanga wa jua. Hapo ndipo tunapokuta njia ya pili, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Kila aina ya madini, kutokana na jinsi atomu zake zilivyofungamana, hufyonza sehemu fulani za mwanga na kuziacha nyingine zirudi. Mwanga uliorudi ukitandazwa kama upinde wa mvua, sehemu zilizofyonzwa huonekana kuwa na mapengo. Mapengo mengi yaliyo muhimu hayamo katika rangi tunazoziona, bali katika mwanga uliopita wekundu, ambao jicho haliuoni lakini ala huupima vizuri. Mtaalamu hulinganisha mpangilio wa mapengo hayo na ule wa madini yaliyopimwa maabarani. Mpango mzima wa rangi na mapengo huitwa spektra, nasi tutalitumia neno hilo kama lilivyo kwa sababu tutakazozitoa baadaye.

Mfano ulio maarufu ni wa Vesta, mojawapo ya magimba makubwa katika ukanda ulio baina ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka wa 1970 Thomas McCord, John Adams na Torrence Johnson walitangaza kwamba spektra ya Vesta ina pengo la piroksini, na kwamba yafanana na ya aina fulani ya vimondo vilivyokwisha kuanguka duniani, ambavyo asili yake ni miamba iliyoyeyuka kama ile itokayo katika volkano. Nukta ya mwanga katika darubini ikaunganishwa na mawe yaliyokuwa makabatini mwa majumba ya makumbusho. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kilipofika Vesta mwaka wa 2011 na kuizunguka kwa zaidi ya mwaka, kiliithibitisha hoja hiyo.

Chombo hicho hicho kiliendelea na safari hadi Ceres, gimba kubwa kuliko yote katika ukanda huo, kikafika Machi 2015. Ceres ni nyeusi kama makaa, lakini ndani ya shimo moja lenye upana wa kilomita 92, lililopewa jina la Occator, palikuwa na mabaka meupe yaliyong'aa kiasi cha kuwashangaza waliozipokea picha. Mwaka wa 2016 Maria Cristina De Sanctis wa Italia na wenzake walitoa matokeo ya ala ya spektra iliyokuwa imebebwa na Dawn. Mabaka yale yalikuwa na mapengo ya kabonati. Mahali hasa pa mapengo ya kabonati husogea kidogo kufuatana na metali iliyoungana nayo: kalsiamu, magnesiamu au sodiamu. Katika Occator mapengo yalikuwa mahali pa sodiamu.

Na tuitazame hoja yenyewe. Pengo katika mwanga laonyesha kabonati. Mahali pa pengo paonyesha sodiamu. Hadi hapa twaweza kusema kwamba ala zimefanya kazi yake. Lakini wanasayansi walikwenda mbele zaidi, wakasema: hapa palikuwa na maji ya chumvi yaliyopanda kutoka chini, maji yakatoweka, chumvi ikabaki. Hatua hii ya tatu haikutoka katika ala. Ilitoka katika mazoea. Kabonati ya sodiamu ni kitu ambacho watu wamekwisha kukiona kikiachwa na maji yanayokauka. Asiyejua kikiachwa wapi na vipi angeweza kulisoma pengo lakini asingeweza kuisoma habari yake.

3. Ushahidi wa Jiwe: Ivuna na Bennu

Njia nyingine ni kulipata jiwe lenyewe. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuvuta kiti na kusikiliza kwa makini, maana sehemu moja ya habari hii ilianguka kwetu.

Mnamo Desemba 16, 1938, kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Vipande vilivyookotwa havikufikia uzito wa kilo moja. Kilikuwa cheusi, laini, chenye kumeguka kwa urahisi, wala hakikuwa na sura ya kustaajabisha kama kile kimondo kikubwa cha chuma kilichopo Mbozi, si mbali sana na hapo. Lakini wanasayansi wanapogawanya vimondo vyenye kaboni katika makundi, kundi moja huandikwa kwa herufi CI: C ni ya kaboni, na I ni ya Ivuna. Kundi hilo ni adimu sana, na umuhimu wake ni kwamba ukiziacha gesi nyepesi kama vile hidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake wakaribiana mno na ule wa Jua. Kwa sababu hiyo vimondo vya CI vimekuwa kipimo. Mtaalamu wa Tokyo, London au Houston akitaka kusema kwamba mwamba fulani una sodiamu nyingi au kidogo, mara kwa mara hupima kwa CI, yaani, kwa jina la Ivuna, ajue asijue.

Ivuna ilikuwa na sifa nyingine kabla ya kimondo. Ni mahali pa chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi iliyofanywa na wenyeji karne nyingi kabla ya wakoloni. Jiwe la mbinguni lililobeba athari za maji ya kale liliangukia watu ambao wazee wao walikuwa mafundi wa kukausha maji wapate chumvi. Hii ni sadfa tu, wala hatuijengei hoja. Ila yafaa ikumbukwe.

Vimondo vina tatizo moja. Vikianguka hukutana na unyevu wa dunia yetu, na chumvi ni kitu cha kwanza kuharibika. Kimondo cha Orgueil kilichoanguka Ufaransa mwaka wa 1864, nacho ni cha kundi la CI, kina mishipa myeupe ya salfeti ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa imetoka nayo angani. Mwaka wa 2001 Matthieu Gounelle na Michael Zolensky walitoa hoja kwamba mishipa hiyo ilijitengeneza humu humu duniani, kimondo kikiwa kimehifadhiwa kabatini huku kikinywa unyevu wa hewa. Kwa maneno mengine, wasomaji walikuwa wakiusoma mwandiko wa kabati wakidhani ni mwandiko wa mbingu. Wenzetu wanaohakiki miswada ya kale watalitambua tatizo hili mara moja: ni tatizo la nakala iliyoongezewa maneno na mnakili.

Dawa yake ilikuwa kwenda kulichukua jiwe lilipo. Chombo cha Marekani kilichoitwa OSIRIS-REx kiliondoka duniani Septemba 8, 2016, kikafika Bennu Desemba 2018. Bennu, iliyopewa jina la ndege wa hadithi za Misri ya kale, ni rundo la mawe lenye upana wa mita 500 hivi, nalo ni vifusi vya gimba kubwa zaidi lililovunjika zamani. Mwanga ulikuwa umekwisha kusomwa kutoka juu: ulionyesha madini ya udongo wa mfinyanzi yenye maji ndani yake, na mishipa ya kabonati katika baadhi ya majabali. Mnamo Oktoba 20, 2020 mkono wa chombo uligusa uso wa Bennu na kuzoa changarawe. Tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli iliteremka katika jangwa la Utah ikiwa na gramu 121.6. Sampuli zikawekwa katika naitrojeni, mbali na unyevu.

Januari 2025 matokeo yakatangazwa. Kikundi kilichoongozwa na Tim McCoy wa Washington na Sara Russell wa London kilieleza kwamba ndani ya sampuli mlikuwa na chumvi za namna nyingi: fosfeti na kabonati zenye sodiamu, salfeti, kloridi na floridi. Miongoni mwake ilikuwamo chumvi ile ile ya mezani, na ilikuwamo trona. Walizipanga chumvi hizo kwa utaratibu wa kuzaliwa kwake, wakahitimisha kwamba katika gimba lile la asili, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, maji yalikuwa yakipungua ndani ya mianya ya mwamba, na kila yalipopungua yaliacha chumvi iliyofuata kwa zamu. Watafiti wengine wakaeleza wakati huo huo kwamba sampuli hizo zina amonia, aina 14 kati ya asidi amino 20 zinazotumiwa na viumbe hai kujenga protini, na besi zote tano za DNA na RNA. Uhai haukuonekana, vilivyoonekana ni vifaa vya ujenzi na maji ya chumvi ambamo vifaa hivyo vingeweza kukutana.

Iwapo sampuli zile zingeachwa katika hewa ya kawaida, chumvi hizo zingeweza kuyeyuka na kupotea kabla ya kujulikana. Huenda na Ivuna iliwahi kuwa nazo. Hatuna njia ya kulijua hilo leo.

4. Ziwa Magadi Likiwa Kamusi

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Kajiado. Trona ni fuwele zilizofanywa kwa kabonati ya sodiamu, baikabonati ya sodiamu na maji kwa pamoja. Ndiyo hiyo inayofanya gamba jeupe, na pengine jekundu kidogo, lililoutanda uso wa Ziwa Magadi, katika sakafu ya Bonde la Ufa, yapata kilomita 100 kusini magharibi ya Nairobi. Ndiyo hiyo inayochimbwa huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kusafirishwa kwa viwanda vya vioo. Na ndiyo hiyo, ikiwa imechanganyika na vitu vingine, inayouzwa sokoni kwa vipande ili kulainisha maharagwe na mahindi makavu, au kusagwa pamoja na tumbaku ya kunusa.

Namna ziwa linavyofanya kazi yaeleweka vizuri. Bonde halina mto wa kutokea. Maji huingia, hasa kwa chemchemi za moto zilizo kandokando, yakiwa yameyeyusha sodiamu kutoka katika miamba ya volkano. Jua huyachukua maji, halichukui chumvi. Katika njia hiyo ya kukauka, kalsiamu hutangulia kutoka, ikiwa katika umbo la chokaa, na magnesiamu hufuata. Kwa hiyo maji yanayobaki huzidi kuwa na sodiamu na kabonati. Yakifikia ukali fulani magadi huanza kuganda. Chumvi ya kula hungoja hadi karibu na mwisho. Mtu anayelijua ziwa hili ana mkononi mfuatano ambao kwao mtafiti wa Bennu husema: maji haya yalifika hatua ya ngapi kabla ya kwisha?

Mfanano huu una mipaka, na ni lazima tuitaje. Bennu haikuwa ziwa lililoanikwa juani. Maji yake yalikuwa katika mianya iliyofichika ndani ya mwamba baridi. Chumvi za Ceres nazo ni kabonati ya sodiamu, si lazima ziwe trona yenyewe. Vivyo hivyo kwa Enceladus, mwezi wa Zohali, ambako mwaka wa 2009 Frank Postberg na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya chombo cha Cassini, kwamba chembe za barafu zinazorushwa kutoka huko zina chumvi ya kula na kabonati za sodiamu, jambo linaloashiria bahari iliyo chini ya barafu. Hizi zote ni jamaa wa ukoo mmoja, wala si mtu mmoja. Lakini ukoo huo unaitwaje kwa Kiswahili? Unaitwa magadi.

Taarifa za Marekani zilizowaeleza wasomaji wa kawaida ugunduzi wa Bennu ziliwataja Ziwa Searles la jangwa la Mojave, California, ambalo kando yake kuna mji unaoitwa Trona. Walifanya vema: waliwaeleza watu wao kitu cha mbinguni kwa kitu cha nyumbani. Sisi tulipozitafsiri tulilibeba neno lao la nyumbani tukaliacha letu.

Tena neno lenyewe si la California. Wataalamu wa asili ya maneno wanasema trona imetokana na Kiarabu, ikiwa ni ufupisho wa natruni, jina la chumvi ya aina hii hii iliyochotwa katika maziwa makavu ya Misri tangu zama za mafarao. Kutokana na natruni hiyo Wazungu walipata natrium, na kutokana na natrium wakapata alama Na, ambayo kila mtoto wa shule anayejifunza kemia huiandika kwa ajili ya sodiamu. Ziwa Natron lililo kusini ya Magadi, nchini Tanzania, limebeba jina hilo hilo. Kwa hiyo neno tulilolikubali kuwa la kisayansi lilikuwa, katika asili yake, neno la wafuaji nguo na wahifadhi maiti wa ukingo wa Nili. Halikuzaliwa na sayansi. Lilipewa kazi na sayansi.

Magadi nayo imekwisha kupewa kazi, ingawa si na sisi. Mwaka wa 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi, yote ni silika zilizoungana na sodiamu na maji, ambayo baadaye hugeuka kuwa jiwe gumu la jamii ya gumegume. Moja aliliita magadiaiti, la pili kenyaiti. Majina hayo yamo katika orodha za madini za ulimwengu mzima. Mwanakemia wa nchi ya mbali hutamka neno magadi maabarani mwake bila ya haya, na mwalimu wa Kiswahili huona haya kulitamka darasani.

5. Suala la Istilahi

Haitoshi kulaumu. Yatupasa tuseme ni lini neno la wenyeji litumike na ni lini neno la kigeni likopwe. Vinginevyo tutakuwa tumeiacha kasumba moja na kuishika nyingine. Napendekeza mambo matatu yazingatiwe.

La kwanza ni utambulisho wa kitu. Je, kitu kinachotajwa na neno la wenyeji ni kile kile kinachotajwa na sayansi, au ni kitu kinachokifanana kwa sura tu? Magadi ya sokoni si trona safi, bali yana udongo, chumvi nyingine na floridi ndani yake. Lakini chumvi ya sokoni nayo si kloridi ya sodiamu safi, wala hakuna aliyekataa kuiita chumvi. Kwa maoni yangu, magadi yafaa yawe jina la ukoo mzima wa kabonati za sodiamu za asili. Panapohitajika kutofautisha wana wa ukoo huo, ndipo tuseme magadi ya aina ya trona, magadi ya aina ya natroni, na kadhalika.

La pili ni uwezo wa neno kubeba hoja. Tumeona kwamba hatua ya tatu katika hoja ya Ceres ilitegemea mazoea. Msomaji akiambiwa kwamba Bennu ina trona, amepata jina. Akiambiwa kwamba Bennu ina magadi, amepata jina pamoja na ziwa, jua, gamba jeupe na maji yaliyoondoka. Yaani, amepewa nusu ya hoja kabla ya mwandishi kuieleza. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, nayo si ya uzalendo. Ni ya ufahamu.

La tatu ni historia ya neno katika lugha. Neno mashapo lilikuwa la machicha yaliyotuama chini ya chombo. Leo ni istilahi ya kawaida katika vitabu vya jiografia kwa miamba iliyofanywa na matope na mchanga uliotuama, na hakuna anayekumbuka chombo. Kwa njia hiyo hiyo tungeweza kuyaita madini yanayoachwa na maji yanayokauka madini ya masazo, kwa kuwa masazo ni kilichosalia baada ya kingine kuchukuliwa. Pendekezo hili nalitoa lijaribiwe, likishindwa, litupwe.

Kwa kutumia vipimo hivi, tutaona kwamba tuna akiba kubwa kuliko tulivyodhani. Mwaka wa 2011 gari la utafiti lililoitwa Opportunity lilikuta katika Mirihi mshipa wa madini ambao kwetu ni jasi. Madini yaliyoonekana kwa wingi katika mabonde ya kale ya sayari hiyo ni ya udongo wa mfinyanzi. Wekundu wa Mirihi ni wa oksidi za chuma, ukoo wa kutu. Tunayo pia chokaa, ulanga, shabu, shura na mrututu, maneno ya mafundi wa nyumba, wa ngozi, wa dawa na wa rangi. Kwa upande mwingine, vipimo hivi hivi vyatukataza kujilazimisha. Piroksini haina jina kwetu kwa sababu hakuna fundi aliyeihitaji peke yake. Vivyo hivyo perkloreti, iliyogunduliwa katika udongo wa Mirihi na chombo cha Phoenix mwaka wa 2008. Spektra nayo ni kitu cha maabara tangu kuzaliwa kwake. Hayo na yakopwe bila ya kinyongo, yavikwe irabu zetu, yaendelee na safari.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka wa 1939, zimelihifadhi neno magadi, lakini kwa tafsiri fupi tu. Hazitueleza wachimbaji na wauzaji wanatofautishaje magadi mazuri na mabaya, gamba jipya na la zamani, yale ya kupikia na yale ya tumbaku. Kwa watengeneza chumvi, wafinyanzi na watengeneza chokaa wa pwani kuna msamiati wa namna hiyo hiyo, nao hukaa katika kazi. Kazi ikikoma, huondoka na mwenye kazi. Tofauti kama hizo ndizo hasa mwanakemia anazozihitaji. Idara zetu hutuma wanafunzi kukusanya methali na nyimbo, na ni jambo jema. Naomba watumwe pia ziwani na tanurini wakiwa na daftari.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mwanasayansi wa sayari husoma madini ya mbali kwa njia tatu: kwa mapengo yaliyomo katika mwanga, kwa jiwe lililofika au kuletwa duniani, na kwa kulinganisha na mahali panapojulikana hapa kwetu. Njia mbili za kwanza zahitaji ala na fedha nyingi ambazo mara nyingi hatuna. Ya tatu yahitaji ujuzi wa mahali na wa majina yake, na huo tunao.

Juma lililofuata nilirudi darasani, nikamwomba radhi yule mwanafunzi mbele ya wenzake. Naye alikuwa amekuja na kipande cha magadi kilichofungwa katika karatasi. Alikiweka mezani, akakikamulia ndimu, na povu likapanda kwa sauti ndogo ya kuchemka. Kwani tindikali ikikutana na kabonati hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hicho ndicho kipimo ambacho wataalamu wa miamba hukitumia mashambani hata leo. Wanafunzi walisogea kutazama. Kisha tukaichukua ile orodha yangu, tukalifuta neno moja, tukaandika jingine, na tukaanza kutafsiri upya kuanzia aya ya kwanza.